Mwandiko wa Mwili Juu ya Magurudumu

Mchezo wa baiskeli za BMX za mtindo huru na ule wa ubao wa magurudumu, ambao vijana wa mijini huuita skeitibodi, hutofautiana na michezo mingi inayojulikana kwa kuwa haina goli wala utepe wa kumalizia mbio, na heshima kubwa miongoni mwa wachezaji wenyewe humwendea yule afanyaye jambo lililozoeleka kwa namna isiyozoeleka. Vitendo vyenye majina maalumu, kama vile kuruka na ubao, kuuzungusha hewani au kuteleza nao juu ya ukingo wa saruji, huitwa mbinu, na mbinu zinaweza kuhesabiwa, kufundishwa na kuigwa. Mtindo ni kitu kingine: ni namna mwili wa mtu mmoja unavyoipokea mbinu hiyo, kiasi kwamba mchezaji mzoefu hutambua kwa mbali, kwa kivuli tu, ni nani anayepita.

Msomaji aliyezoea mashairi ya Kiswahili hatalishangaa jambo hili. Mshairi wa kimapokeo mara nyingi hujifunga kwa mizani 16 katika kila mshororo, minane ukwapi na minane utao, na akafungwa tena na vina vya kati na vya mwisho. Hata hivyo beti za Muyaka bin Haji wa Mombasa hazidhaniwi kuwa za Shaaban Robert. Kanuni ni ile ile, sauti ni mbili. Katika ubao na baiskeli, kanuni hiyo huwekwa na uzito wa chombo, umbo la sakafu na urefu wa miguu ya mchezaji, na sehemu kubwa ya kile kiitwacho ubunifu huzaliwa pale mchezaji anapobanwa na mambo hayo, si pale anapokuwa huru nayo.

Ushahidi wa mapema unapatikana California katikati ya miaka ya 1970. Mapema katika muongo huo, Frank Nasworthy alianza kuuza magurudumu ya urithani, aina ya plastiki inayoshika sakafu vizuri kuliko magurudumu magumu ya udongo yaliyotangulia, na hivyo ubao ukaweza kupinda kwa kasi bila kumtupa mpandaji. Vijana wa timu ya Zephyr, iliyokuwa na duka lake Santa Monica, walikuwa wapanda mawimbi kabla ya kuwa wapanda ubao, na walichokitaka nchi kavu kilikuwa kumwiga Larry Bertlemann, mpanda mawimbi wa Hawaii aliyechuchumaa chini kabisa na kuyagusa maji kwa mkono. Walipofika kwenye mashindano ya Del Mar mwaka 1975, wapinzani wao wengi walikuwa wakisimama wima na kufanya vitendo vinavyokaribiana na jimnastiki, ilhali wao walipita wameinama, viganja vikigusa sakafu. Baadaye ukame wa mwaka 1976 na 1977 ukayakausha mabwawa mengi ya kuogelea, na kuta zake za mviringo zikawa mawimbi ya saruji. Ni muhimu kuona mfuatano huo: mkao wa mwili ulitangulia, na mbinu nyingi zilizokuja kupewa majina zilizaliwa kutokana na mkao.

Muongo uliofuata ulileta ubishi uliodumu miaka mingi kati ya mashabiki wa mpanda ubao Christian Hosoi na wale wa mwenzake Tony Hawk. Hosoi alipaa juu sana kutoka kwenye mzingo, yaani ukuta wa mbao uliopindwa kama nusu ya bomba, na mbinu yake maarufu ilikuwa kujinyoosha hewani mikono ikiwa wazi kama msalaba, asiwe na haraka ya kushuka. Hawk alikuwa mwembamba na mwepesi, akabuni mbinu nyingi kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, lakini wapo waliomdharau wakisema afanyayo ni sarakasi. Walichokisahau wakosoaji hao ni kwamba wepesi wenyewe ndio uliomlazimisha: kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuushika ubao mapema na kujivuta juu kama wengine, alijifunza kuruka nao kwanza kwa miguu na kuushika baadaye, akiwa tayari hewani. Njia hiyo, iliyoonekana kuwa kasoro ya mtoto dhaifu, hatimaye ikawa njia ya kawaida ya karibu kila mtu.

Aliyeubadilisha mchezo kuliko wote, hata hivyo, alifanya hivyo akiwa peke yake. Rodney Mullen, aliyezaliwa Gainesville, Florida, mwaka 1966, aliishi shambani, mbali na mabwawa na mizingo, chini ya baba mkali ambaye hakuupenda mchezo huo, na sakafu ya gereji ikawa uwanja wake. Miaka michache kabla, Mfloridi mwenzake Alan Gelfand, ambaye jina lake la utani lilikuwa Ollie, alikuwa amegundua namna ya kuruka na ubao kwenye kuta zilizopinda bila kuushika kwa mkono. Mbinu hiyo ikaitwa oli. Mullen, ambaye hakuwa na ukuta, aliihamishia kwenye sakafu bapa mwaka 1982. Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza na ngumu kutenda: mguu wa nyuma huupiga mkia wa ubao chini kwa nguvu, ncha ya mbele ikainuka, na papo hapo mguu wa mbele hukwaruza kuelekea mbele ili kuusawazisha ubao, hata uonekane kama umegandishwa kwenye nyayo. Mwaka uliofuata alibuni kikiflipi, ambapo ubao huzunguka kwenye mhimili wake wa urefu chini ya miguu kabla ya kukanyagwa tena.

Mullen alizibuni mbinu hizi kwa ajili ya mashindano ya sakafu bapa, tawi ambalo lilikuwa limekwisha kufifia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mbinu zenyewe hazikufa. Zilichukuliwa na wachezaji wa mtaani, walioona kwamba mwenye oli anaweza kupanda ukingo wa barabara, benchi na hata reli ya ngazi. Mark Gonzales, aliyeruka pengo kati ya vibaraza viwili vya Embarcadero, San Francisco, mwaka 1986, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba kuchagua mahali nako ni sehemu ya mtindo. Ngazi ambayo maelfu ya watu huipita kila siku wakienda kazini huwa, machoni pa mtu kama huyo, swali lililokuwa likingoja mtu wa kulijibu. Ndiyo maana wachezaji wengi huthamini filamu zao fupi kuliko medali, kwa kuwa filamu huonyesha mahali, muziki, mavazi na mwendo kwa pamoja. Filamu ya Video Days ya mwaka 1991, iliyoongozwa na Spike Jonze, bado hutazamwa kwa sababu hiyo.

Katika BMX chombo ni kizito na kina mpini, mnyororo na magurudumu ya inchi 20, hivyo mtindo huonekana kwa njia nyingine. Bob Haro, mchoraji aliyefanya kazi na majarida ya baiskeli, ndiye huhesabiwa kuwa mwasisi wa mtindo huru mwishoni mwa miaka ya 1970. Kifaa kinachoruhusu usukani uzunguke bila waya za breki kujisokota kiliwafungulia wachezaji mbinu mpya, lakini baadaye wengi waliamua kuziondoa breki kabisa na kupunguza mwendo kwa kukandamiza soli ya kiatu kwenye tairi. Uamuzi huo una hatari yake, bila shaka, lakini humfanya mtu asome mteremko mapema, na mwendo wake huwa laini kwa lazima.

Tarakimu haziushiki mtindo vizuri. Mat Hoffman wa Oklahoma alizunguka nyuzi 900 kwa baiskeli, yaani mizunguko miwili na nusu, katika mashindano ya Kitchener, Kanada, mwaka 1989. Tony Hawk alifanya hivyo kwa ubao mwaka 1999. Na mwaka 2020 mtoto wa Kibrazili wa miaka 11, Gui Khury, akafikisha nyuzi 1080. Rekodi ya mizunguko hupitwa, na aliyepitwa hapungukiwi chochote. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, iliwalazimisha waamuzi kutoa alama: katika BMX kila mchezaji hupewa sekunde 60, na Mwingereza Charlotte Worthington, baada ya kuanguka katika awamu ya kwanza, alipata 97.50 kati ya 100 katika ya pili kwa kupinduka kinyumenyume huku akizunguka nyuzi 360. Waamuzi huangalia ugumu, kimo, utekelezaji na ubunifu kisha wakatoa tarakimu moja, kazi ambayo haiwezi kuonewa wivu.

Mullen mwenyewe alilifuata suala la mtindo hadi mwisho usiotarajiwa. Kila mpanda ubao ana upande wake: wengine hutanguliza mguu wa kushoto, wengine wa kulia, na upande huo, kama mkono wa kuandikia, hudumu maisha. Baada ya miaka mingi ya kuanguka, tishu ngumu zilikuwa zimeibana nyonga yake, akalazimika kuufundisha mwili upya. Na akiwa katika kazi hiyo alianza kujaribu kuondoa upande kabisa, ili asiwe na mguu wa mbele wala wa nyuma. Mwaka 2016, akiwa anakaribia miaka 50, alionekana katika filamu fupi ya Steven Sebring iitwayo Liminal, iliyopigwa na kamera nyingi zilizomzunguka pande zote. Upande wake haukuwa rahisi tena kuutaja, lakini magoti yaliyokunjwa, mabega yaliyoinama na mikono iliyokaa mbali na mwili vilikuwa vile vile vya yule kijana wa gereji ya Florida.