Kichwa cha risasi iliyofyatuliwa: Shahidi asiye na kinywa

ASKARI wa wanyamapori wanapoufikia mzoga wa ndovu aliyeuawa na majangili, macho huvutwa kwanza na mahali pembe zilipokatwa. Hata hivyo, kitu chenye thamani zaidi kwa mpelelezi hakionekani. Kimefichika ndani ya misuli, nyuma ya mfupa au kwenye udongo uliolaliwa na mzoga, na uzani wake kwa kawaida haufiki gramu 12.

Kitu hicho ni kichwa cha risasi iliyomwangusha mnyama huyo. Kikitafutwa kwa subira na kutunzwa ipasavyo, kinaweza kueleza ni bunduki ya aina gani iliyotumika, na pengine ni bunduki ipi hasa. Kikichokolewa kwa ncha ya kisu na kutiwa mfukoni pamoja na sarafu na funguo, huwa ni kipande cha chuma tu.

Elimu ya kusoma vichwa vya risasi haikuzaliwa katika vituo vya polisi pekee. Kwa zaidi ya karne moja, wawindaji, walenga shabaha na watengenezaji wa silaha wamekuwa wakivikusanya, kuvipima na kuvilinganisha, kila kundi likitafuta jibu la swali lake.

Neno moja, maana tatu

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi zitenganishwe. Kiswahili kililipokea neno 'risasi' kutoka kwa Kiarabu, ambako hutaja yale madini mazito ya kijivu. Leo neno hilo hubeba maana tatu: madini yenyewe, risasi nzima inayotiwa katika bunduki, na kile kipande kinachoruka kuelekea shabaha.

Risasi nzima ina ganda, baruti, kiwashio na kichwa. Baruti inapolipuka, ganda hubaki nyuma na kutupwa kando ya mpigaji. Kichwa ndicho kinachosafiri. Vichwa vingi huwa na kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti la shaba, ingawa vingine vina chuma ndani na vingine ni vya shaba tupu.

Maji, magazeti na jeletini

Mtu anayetaka kupata kichwa cha risasi kikiwa katika hali nzuri hawezi kutegemea lundo la mchanga. Mchanga hukikwaruza na kufuta alama zake. Kinachohitajika ni kitu kitakachokipunguzia mwendo bila kukiharibu.

Katika maabara za uchunguzi, bunduki inayoshukiwa hufyatuliwa ndani ya tangi refu la maji au sanduku lililojazwa pamba. Kichwa husimama ndani ya umbali wa mita chache na kuokotwa kikiwa na alama zake zote.

Walenga shabaha wasio na maabara hutumia njia rahisi. Hulowesha marobota ya magazeti ya zamani hadi yakashiba maji, kisha huyapanga moja nyuma ya jingine na kuyapiga risasi. Baadaye hufunua karatasi tabaka kwa tabaka, huku wakipima jinsi tundu linavyopanuka, hadi wakifikie kichwa chenyewe.

Watengenezaji wa risasi hawaridhiki na magazeti. Wao hutumia jeletini iliyochanganywa kwa kiwango cha asilimia 10 na kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 4 za selsiasi, kwa kuwa inakaribia kufanana na nyama laini. Kabla ya jaribio, donge hilo hupigwa kwa gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 4.5, iendayo kasi ya takriban mita 180 kwa sekunde. Gololi ikipenya karibu sentimita 8.5, donge hukubaliwa. Ikipita mno kiwango hicho au ikipungukiwa sana, hukataliwa.

Kinachopatikana hupimwa kwa mambo matatu: uzani uliosalia, upana wa kichwa baada ya kufunguka, na kina kilichofikiwa. Kwa mfano, kichwa kilichokuwa na gramu 11.7 kabla ya kufyatuliwa, kikapatikana kikiwa na gramu 8.2, kimehifadhi asilimia 70 ya uzani wake.

Somo kutoka kwa mnyama

Wawindaji walijifunza mapema kwamba risasi inayofaa kwa mnyama mmoja haifai kwa mwingine. Kwa swara, hutaka kichwa kinachofunguka mfano wa ua, ili kisababishe kifo cha haraka. Kichwa cha namna hiyo aghalabu hupatikana chini ya ngozi ya ubavu wa pili, kwa sababu ngozi hunyumbuka na kukizuia baada ya nguvu zake kwisha.

Ajabu ni kwamba risasi zinazofunguka, zinazopendelewa na wawindaji, zilikatazwa vitani. Azimio lililopitishwa mjini The Hague mwaka wa 1899 lilipinga matumizi yake baina ya majeshi, baada ya Uingereza kuzitengeneza katika kiwanda cha Dum Dum, karibu na Calcutta nchini India.

Kwa ndovu na nyati, hesabu ni tofauti. Kichwa kikifunguka mapema hukwama kwenye misuli au mfupa. W.D.M. Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka wa 1880 na kubandikwa jina 'Karamojo' kutokana na safari zake za Karamoja nchini Uganda, aliua zaidi ya ndovu 1,000. Wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Nguvu yake haikuwa katika ukubwa wa risasi. Alitumia vichwa vya gramu 11 hivi vilivyovikwa koti gumu lisilobadilika umbo, na alichunguza fuvu la ndovu hadi akajua ubongo ulipo.

Mmarekani John Nosler naye alipata funzo lake mwaka wa 1946 katika jimbo la British Columbia, Canada. Vichwa vya risasi zake vilipasuka juu juu kwenye mwili wa kongoni mkubwa wa kaskazini aitwaye moose, bila kufika ndani. Aliporejea nyumbani alibuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele hufunguka, ya nyuma hubaki nzima. Kufikia mwaka wa 1948 alikuwa amefungua kampuni ya kukiuza.

Gramu zilizopotea

Kwa miaka mingi, hesabu ya uzani uliosalia ilihusu uwezo wa kuua pekee. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: zile gramu 3.5 zilizopungua kwenye mfano wetu ziko wapi?

Ziko ndani ya nyama. Picha za eksrei za mizoga ya paa huonyesha chembe ndogo za madini ya risasi zikiwa zimetawanyika mbali na tundu lenyewe, nyingine zikiwa ndogo mno kuonekana kwa macho. Madini haya ni sumu. Ndege wanaokula matumbo na mabaki yaliyoachwa na wawindaji huyameza.

Mfano mchungu zaidi ni wa kondori wa California nchini Marekani, ndege mkubwa wa mizoga ambaye kufikia mwaka wa 1987 alikuwa amesalia 27 tu duniani, wote wakiwa wametiwa kizimbani ili wazalishwe. Baada ya kuachiliwa tena porini, sumu ya risasi iliendelea kuwaua. California ilipitisha sheria mwaka wa 2013, na tangu Julai 1, 2019 uwindaji wa wanyamapori kwa risasi zenye madini hayo umepigwa marufuku jimboni humo. Denmark ilifuata kwa risasi za bunduki za uwindaji mnamo Aprili 2024.

Vichwa vya shaba tupu, vilivyoanza kupata umaarufu tangu miaka ya 1980, mara nyingi huokotwa vikiwa na karibu uzani wao wote. Hivyo basi, kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya mwindaji kimegeuka kuwa kipimo cha usalama wa mlaji na wa ndege.

Alama za mtutu

Mpelelezi huuliza swali jingine: ni nani aliyefyatua? Jibu huanzia ndani ya mtutu. Mitutu ya bunduki hizi huchongwa mifuo inayozunguka kama nyuzi za parafujo, ili kichwa kitoke kikijizungusha na kushika njia iliyonyooka. Katika AK-47, kichwa huzunguka mara moja katika kila sentimita 24. Kwa kuwa hutoka kwa kasi ya takriban mita 715 kwa sekunde, hujizungusha karibu mara 3,000 kwa sekunde.

Mifuo hiyo huacha chapa ubavuni mwa kichwa. Chukua risasi ya AK-47 na ile ya bunduki kuukuu ya Lee-Enfield, maarufu kama .303. Unene wa vichwa vyake unakaribiana mno. Lakini AK-47 ina mifuo minne inayozunguka kulia, ilhali Lee-Enfield ya kawaida ina mitano inayozunguka kushoto. Isitoshe, vichwa vingi vya AK-47 vina chuma na huvutwa na sumaku, na vile vya .303 vya kijeshi kwa kawaida havivutwi.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, ya kutambua aina. Hatua ya pili ni kutambua bunduki mahususi kwa mikwaruzo midogo iliyoachwa na kasoro za mtutu wake. Mtaalamu huweka kichwa kilichotoka kwenye mzoga na kingine kilichofyatuliwa maabarani chini ya hadubini pacha, inayoonyesha vyote viwili kwa pamoja, na kutazama kama mistari inakutana.

Kuokota ni kazi

Yote hayo hayawezekani ikiwa uokotaji ulifanywa ovyo. Ndovu hatoshei katika mashine ya eksrei, kwa hiyo wapelelezi hutumia kifaa cha kutambua metali, hufuata tundu la risasi kwa uangalifu, kisha huchekecha udongo ulio chini ya mzoga.

Kichwa kikipatikana, hakishikwi kwa koleo la chuma, kwani meno yake huacha mikwaruzo mipya. Hushikwa kwa vidole vilivyovikwa glavu au kwa kibanio cha plastiki. Hakisuguliwi, maana damu, nywele na chembe za mfupa zilizoganda juu yake zinaweza kuthibitisha kilimpitia mnyama yupi. Huachwa kikauke, hufungwa kwa karatasi na kutiwa katika bahasha yenye tarehe, mahali na jina la aliyekiokota. Kufungia kitu kibichi ndani ya plastiki huleta kutu. Aidha, kila anayekipokea hutia sahihi, ili wakili wa mshtakiwa akiuliza kilikuwa wapi siku fulani, jibu liwepo.

Mipaka ya shahidi huyu

Hata hivyo, shahidi asiye na kinywa anaweza kusingiziwa maneno. Mwaka wa 1915, kibarua wa shambani katika jimbo la New York, Charles Stielow, alihukumiwa kifo baada ya mtu aliyejiita mtaalamu kudai kwamba mikwaruzo ya bastola yake ililingana na risasi zilizowaua watu wawili. Alinusurika kiti cha umeme dakika za mwisho. Uchunguzi mpya kwa hadubini ulionyesha kwamba risasi hizo hazingeweza kutoka katika bastola yake, akasamehewa mwaka wa 1918.

Charles Waite, mmoja wa waliochunguza kesi hiyo, alianza kukusanya vipimo vya mitutu ya viwanda mbalimbali. Mwaka wa 1925, yeye, Calvin Goddard na wenzao walianzisha mjini New York ofisi ya kuchunguza silaha, ambako hadubini pacha ilipata umaarufu.

Mjadala haujakwisha. Mnamo Juni 2023, Mahakama ya Juu ya jimbo la Maryland iliamua kwamba mtaalamu katika kesi iliyokuwa mbele yake hakupaswa kuruhusiwa kutamka bila masharti kuwa risasi zilitoka katika bunduki fulani. Angeweza kusema tu kama alama zinaafikiana au la. Nchini Kenya, kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi hukubali maoni ya wataalamu, lakini hakimu halazimiki kuyafuata.

Kwa Kenya, suala hili si la anasa. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, wakati ambapo idadi ya ndovu ilikuwa ikiporomoka kutoka zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa mwongo huo hadi takriban 20,000 kufikia mwisho wa miaka ya 1980. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliongeza adhabu kwa kiwango kikubwa, na kadiri adhabu inavyokuwa nzito, ndivyo ushahidi unavyopaswa kuwa imara.

Kipande kimoja cha shaba kinaweza kuonyesha kwamba bunduki iliyonaswa leo ilitumika kuua ndovu mwaka jana katika mbuga nyingine. Kinaweza pia kumwondolea lawama mwanakijiji aliyekamatwa karibu na mzoga, au askari anayeshukiwa kuazima bunduki ya serikali. Lakini kitasema hayo endapo tu yule aliyeinama kukiokota alijua thamani ya kilichomo mkononi mwake.