Taa Nyekundu za Gari la Kikundi



Siku hizi vikundi vingi vina pikap ya kubeba maziwa, mahindi ama maji. Ni pesa ya michango ya miaka, na mara nyingi mkopo bado haujaisha. Mweka hazina anajua risiti, katibu anajua vitabu, lakini zile taa ndogo mbele ya usukani ameachiwa dereva peke yake. Hiyo haifai. Mwenye gari ni kikundi.

Rangi kwanza. Nyekundu ni hatari, simama. Manjano ni kasoro, nenda polepole ukatafute fundi. Kijani na buluu zinakuambia tu kwamba kitu kimewashwa, kama indiketa ama taa kubwa.

Ukizungusha ufunguo kabla injini haijawaka, taa nyingi huwaka pamoja, na wengine hushtuka. Hapo hakuna ubaya. Injini imelala, kwa hivyo hakuna presha ya oili wala chaji, na taa zinasema ukweli. Injini ikishika, zinapaswa kuzimika kwa sekunde chache.

Sasa tukae kidogo na ile yenye picha ya birika linalodondosha tone. Wengi hufikiri inapima wingi wa oili. Katika pikap zetu nyingi inapima presha. Kwenye chuma cha injini kumefungwa swichi ndogo, kama kidole gumba. Ndani mna kiwambo chembamba na springi. Injini ikiwa imezimwa, springi inakutanisha vyuma viwili, stima inapita mpaka kwenye bodi ya injini, na taa inawaka. Injini ikiwaka, pampu inasukuma oili, oili inasukuma kiwambo, vyuma vinaachana, taa inazimika. Ni hayo tu.

Lakini angalieni jambo moja. Swichi hiyo mara nyingi hutengenezwa iwashe taa presha ikishuka chini ya pauni 10 hivi kwa kila inchi mraba. Gari likiwa mwendoni, injini inahitaji mara kadhaa zaidi ya hapo. Kwa hivyo ikiwaka barabarani si onyo la mapema. Presha imekwisha. Ndani ya injini kile chuma kikubwa kinachozunguka hakigusani na beringi zake, kinaelea juu ya utando wa oili. Utando ukiondoka, chuma kinasaga chuma, na dakika chache zinatosha injini inoki. Baada ya hapo mnatafuta injini nyingine.

Dereva atoe gari kando na azime hapo hapo. Angoje kama dakika 5 mahali tambarare, achomoe kijiti apime. Ikiwa imepungua aongeze. Ikiwa oili iko sawa na taa bado inawaka, azime tena na aite fundi. Huenda ni pampu, huenda beringi zimelika, huenda ni swichi yenyewe. Fundi hufungua swichi na kufunga geji ya presha mahali pake. Akisema "ni swichi tu hiyo" bila kupima, msikubali.

Tena hapa kuna jambo lisilo la ufundi. Dereva wengi huiona taa na kuendelea kwa sababu wanalipwa kwa safari, na maziwa yakiharibika wanakatwa. Mtu kama huyo atasema "tufike tu." Andikeni katika sheria za kikundi kwamba dereva akisimama kwa ajili ya taa nyekundu hatakatwa pesa, hata ikionekana baadaye kwamba ilikuwa waya. Maziwa ya siku moja ni hasara, lakini hayawezi kulinganishwa na bei ya injini.

Taa ya betri ina ujanja wake. Upande mmoja inapata stima kutoka kwa betri, upande wa pili kutoka kwa alteneta. Alteneta ikilala, stima ya betri inapita kwenye taa kwenda huko, nayo inawaka. Alteneta ikichaji, pande zote zinalingana nguvu na hakuna kinachopita, kama mitungi miwili iliyounganishwa kwa mpira, maji yakiwa kimo kimoja. Ikiwaka njiani, simama ufungue boneti uangalie fanbelti. Kama belti iko na alteneta ndiyo imekufa, mnaweza kusogea kwa nguvu ya betri mpaka ichoke. Kama belti imekatika, katika magari mengi hiyo hiyo ndiyo inazungusha pampu ya maji, na injini itachemka upesi.

Kuhusu joto, msiamini mshale peke yake. Maji yakiisha kabisa, sensa inaweza kubaki hewani na mshale ukashuka, huku injini inaungua. Kifuniko cha redieta kisifunguliwe kikiwa moto. Kimewachoma wengi uso na mikono.

Taa ya breki huwaka handbreki ikivutwa, na pia mafuta ya breki yakipungua mpaka kielea kikashuka ndani ya kikopo. Ikianza kuwaka kwenye mteremko ama kona, mafuta yamekaribia chini. Wengine hujaza tu na kwenda. Kumbe mafuta yameshuka kwa sababu pedi zimelika, ama kuna mahali yanavuja. Mwenye kubeba watu nyuma ya pikap asicheze na hii.

Mkinunua gari lililotumika, nendeni wawili. Zungusheni ufunguo bila kuwasha injini, na mhesabu taa. Ile ya oili isipowaka, balbu imetolewa, imeungua, ama waya wa swichi umechomolewa. Mwulizeni muuzaji kwa nini. Halafu liendesheni nusu saa. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, na injini iliyochoka haiwezi kushika presha. Simameni, acheni injini izunguke polepole, mtazame dashibodi. Taa ya oili ikianza kupepesa hapo, rudini nyumbani na pesa zenu.