Pikipiki za umeme Kindu: zitashinda za esansi, ama tutabaki kuziona kwenye simu tu?

Kila mara esansi inapokosekana, swali lile lile linarudi kwenye redio yetu. Wasikilizaji wanapiga simu, wanauliza: huko kwa wengine pikipiki zinatembea na umeme, sisi tunangoja nini? Wengi wamekwisha kuziona kwenye simu zao, zinapita kimya, bila moshi, bila chupa ya kadhafi.

Swali si la kuchekwa. Esansi ikipanda, hapa Obokote kila kitu kinapanda nayo: bei ya kufika sokoni, bei ya kupeleka mama mjamzito hospitali usiku, hata bei ya mhogo unaokuja mjini nyuma ya pikipiki. Motari naye, hata kama esansi imepanda, mwenye pikipiki anangoja pesa yake jioni bila kupunguza.

Tumejaribu kulitafutia swali hilo jibu, hatua kwa hatua. Tuseme mapema: pikipiki ya umeme yenyewe iko tayari. Kitu ambacho hakiko tayari huku kwetu ni kadhafi wake.

Esansi ilishinda kwa nguvu ya chupa

Wakubwa wanakumbuka wakati baiskeli, zile tunazoita kinga, ndizo zilikuwa zinatawala. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, treni ilipokuwa haifiki, kinga zilibeba chumvi, sabuni na mafuta ya mawese kwa siku nyingi porini. Kiisha pikipiki zikaja, na leo ndizo zinabeba jimbo la Maniema.

Lakini pikipiki hazikuja peke yao. Zilikuja pamoja na kijana mwenye meza, chupa na mpira wa kumiminia. Esansi inafika Kindu kwa shida: kwa treni ya SNCC kutoka upande wa Katanga, ama kwa mashua za Lualaba kutoka upande wa Ubundu. Lakini ikishafika, inagawanyika. Bidoni moja inatoa chupa nyingi, na chupa inafika hata kwenye kijiji ambacho hakijawahi kuona pompi ya kituo cha mafuta. Motari hahitaji kupanga safari. Ikiisha njiani, atapata kadhafi mbele.

Tushike jambo hili moja, juu yote yanayofuata yanarudi hapo: esansi unaweza kuitia katika chupa na kuiuza njiani. Umeme je?

Tuhesabu kwa lita, tusihesabu kwa franka

Bei ya esansi inabadilika kila mara, kwa hiyo tuache franka kwanza, tuhesabu kwa lita.

Pikipiki ya kawaida, Boxer ama TVS, kwenye njia nzuri inatembea karibu kilometa 40 kwa lita moja. Motari anayezunguka kilometa 80 kwa siku anakunywa lita 2 hivi.

Pikipiki ya umeme ya ukubwa huo inatumia karibu kilowati-saa 3 kwa kilometa hizo 80. Kilowati-saa ndicho kipimo cha kuuzia umeme, sawa vile lita ni kipimo cha esansi. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 100 imekula kilowati-saa moja.

Tofauti inatoka wapi? Moteri ya esansi inapoteza nguvu nyingi kama joto. Ukigusa egzosi baada ya safari, umeungua: ule moto ni pesa yako inayopotea hewani. Ndani ya lita moja, karibu robo tu ya nguvu inafika kwenye gurudumu. Moteri ya umeme inapeleka kwenye gurudumu zaidi ya nane ya kumi ya nguvu iliyopewa.

Kwa hiyo kuna kipimo ambacho kila mtu anaweza kutumia nyumbani: kilowati-saa moja na nusu inafanya kazi ya lita moja ya esansi. Ukipata mahali wanapouza kilowati-saa moja na nusu kwa bei iliyo chini sana ya lita ya leo, umeme umeshinda. Usipopata, esansi inabaki mbele. Weka bei ya siku hiyo, utapata jibu la siku hiyo.

Tena kuna faida nyingine: hakuna kubadilisha huile, hakuna buji, hakuna karburateri ya kusafisha. Zinabaki matairi, frein na taa.

Mtego wa grupe

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Mtu anasema: mimi niko na grupe nyumbani, nitachaji usiku.

Tuhesabu. Ili batri ipate kilowati-saa 3, grupe inapaswa kutoa kama 3 na nusu, juu kidogo kinapotea njiani. Grupe ndogo ya esansi inakula nusu lita ama zaidi kwa kila kilowati-saa. Jumla inakaribia lita 2. Lakini lita 2 ndizo zile zile ambazo pikipiki ya esansi ingetumia kwa kilometa 80!

Maana yake, kuchaji kwa grupe ni kutembea na esansi kupitia njia ndefu, na kelele juu yake. Hakuna ulichookoa. Kwa hiyo swali la pikipiki linakuwa swali la umeme: unatoka wapi, na bei gani?

Wenzetu walifanya nini

Mfano ulio karibu zaidi unatoka Kigali. Mambo ya vita kila mtu huku anayajua na anayasikia kwenye mwili wake. Lakini hapa tunazungumza pikipiki tu, na kuficha habari si kazi ya redio.

Mwaka 2019 kampuni ya Ampersand ilianza kazi Kigali na mpango huu: motari hanunui batri. Batri inabaki ya kampuni. Ikipungua, motari anaingia kituoni, wanatoa ile iliyoisha, wanaweka iliyojaa, na ndani ya dakika chache amekwisha kwenda. Analipia umeme alioutumia. Mpango huu uliondoa mizigo miwili mara moja: kusimama saa nyingi ukichaji, na bei ya batri, ambayo ndiyo sehemu ghali ya pikipiki.

Serikali yao nayo ilisukuma. Mwaka 2021 iliondoa kodi kadhaa kwa vyombo vya umeme. Kisha ikaamua kwamba kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria zinazoandikishwa Kigali ziwe za umeme. Za esansi zilizokuwako hazikufukuzwa barabarani.

Kampala, kampuni ya Zembo ilianza 2018 na mpango wa kubadilisha batri vilevile. Nairobi kuna kampuni kadhaa, mojawapo Roam, iliyoanza 2017 kwa jina la Opibus.

Tazama vizuri: katika miji hiyo, kilichofungua njia ni kituo cha batri. Batri iliyojaa ndiyo chupa ya umeme. Kituo ndicho kadhafi.

Kindu iko na nini mkononi?

Kigali kuna lami mingi, na mtandao wa umeme unafika kila mahali mjini. Sisi hatuko hapo. Katika Kongo nzima, karibu watu wawili tu kwa kumi ndio walio na umeme, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Kindu kila mtu anajua: anayengoja kuran ya kuaminika usiku kucha, atangoje na mshumaa mkononi.

Lakini jua tuko nalo. Plake moja ya wati 300, siku nzuri, inatoa karibu kilowati-saa moja na robo. Plake tatu zinatosha pikipiki moja ya kilometa 80 kwa siku. Kituo cha pikipiki 20 kingehitaji kama plake 60, tena na batri za akiba, juu jua linakuwako mchana wakati pikipiki ziko barabarani, na siku za mawingu mavuno yanapungua sana. Si mradi wa mtu mmoja mwenye kibanda. Ni mradi wa kampuni, wa kikundi cha akiba chenye nguvu, ama wa shirika la wamotari lenyewe.

Njia ya pili ni mitandao ya jua ya mji. Goma iliona mfano wake mwaka 2020, kampuni ya Nuru ilipofungua mtambo wa megawati 1.3 kule Ndosho. Mwezi Julai 2023 kampuni hiyo ilitangaza imepata dola milioni 40 za kujenga mitambo ya megawati 13.7 kwa jumla katika miji mitatu: Goma, Bunia na Kindu yetu. Mitandao ya namna hiyo ina tabia moja nzuri kwa pikipiki: saa za mchana umeme ni mwingi na watumiaji ni wachache. Kituo cha batri ni mteja anayekula mchana. Kila anayeleta umeme wa jua Kindu angepaswa kuulizwa swali hili mapema: mchana mtauza bei gani kwa kituo cha pikipiki?

Wengine wanasema: kobalti inatoka kwetu, batri zingekuwa rahisi huku. Kweli, zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na lithiamu nyingi iko Manono, kwa jirani zetu wa Tanganyika. Lakini madini yanatoka mabichi na batri zinarudi kwa bei ya dunia, pamoja na usafiri na kodi za njiani. Tena batri nyingi za pikipiki siku hizi hazina kobalti ndani. Kuwa na shimo la madini hakushushi bei ya batri.

Mto, matope na fundi

Ndani ya mji, kilometa 80 kwa siku zinaingia katika nguvu ya batri moja nzuri, ama mbili kwa kubadilisha. Lakini motari anayekwenda Kalima ama Kasongo, na magunia mawili nyuma, kwenye matope, atamaliza batri porini. Huko chupa ya esansi itabaki mfalme kwa muda mrefu. Kwa hiyo tusifikirie kwamba siku moja zote zitabadilika. Zikianza, zitaanza kwa teksi za mjini.

Kuna na Lualaba. Pikipiki zinavuka kwenda Alunguli ndani ya mitumbwi. Batri nzuri imefungwa vizuri na haiogopi mvua, lakini hakuna batri inayopenda kuzama. Aliye na pikipiki ya mjini tu anaweza kufanya kazi upande mmoja wa mto. Hiyo nayo inapunguza kazi yake.

Na fundi? Boxer inatengenezwa chini ya mti wowote kutoka hapa hadi Kibombo. Pikipiki ya umeme ina sanduku linaloongoza moteri, na likiungua, nyundo na waya havisaidii. Kusafirisha kipande kimoja ni kazi nyingine: uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na vitu vingi vilikuwa vikitujia kwa njia ile. Kabla ya pikipiki kumi kufika, afadhali wafike mafundi wawili waliofundishwa.

Kabla ya kutoa pesa yako

Redio yetu yenyewe ilipita njia hii. Miaka kadhaa tulitegemea grupe. Esansi ikikosa, tunanyamaza. Tukanunua plake na batri za risasi za bei rahisi katika duka moja. Ndani ya mwaka batri zikafa. Kumbe tulizinyonya mpaka mwisho kila usiku, na batri ya namna ile, ukiifanyia hivyo, inavumilia mara 300 ama 500 tu. Za lithiamu na chuma zinavumilia zaidi ya mara 1,500, lakini bei yake inakushtua siku ya kwanza.

Kwa hiyo, ukiletewa pikipiki ya umeme, uliza maswali haya:

– Batri ni ya risasi ama ya lithiamu? Ikiwa ya risasi na bei ni ya chini sana, jua kwamba mwakani utanunua nyingine.

– Batri ni ya nani? Ikifa, hasara ni yako ama ya kampuni?

– Nitachaji wapi, na kilowati-saa moja na nusu ni bei gani ukilinganisha na lita ya leo?

– Fundi ni nani, na vipande viko mji gani?

– Batri iliyokufa itapelekwa wapi? Risasi ikimwagika karibu na kisima ni sumu kwa watoto.

Ukikosa majibu, shika pikipiki yako ya esansi, hakuna haya. Lakini wamotari wakiwa na shirika, maswali hayo wanaweza kuyauliza pamoja mbele ya meya, mbele ya serikali ya jimbo, na mbele ya yeyote anayeleta plake Kindu. Na vijana wa chupa wasisahauliwe. Wao ndio wanajua kila kona ambapo motari anasimama kutafuta nguvu ya kuendelea. Siku kituo cha batri kitakapofunguliwa, wao ndio wangekuwa wa kwanza kupewa ufunguo.