Kukatiza programu inayoshuka: wakati gani ni salama, wakati gani inaharibu mashini

Mega zinaisha wakati programu ingali inashuka. Ama umeme unakatika, ama rezo inakuwa nzito mpaka kazi ya dakika kumi inachukua saa mbili. Wakaaji wa Goma wanaotumia kompyuta wanaijua hali hiyo, sawa na wenzao wa Bukavu, Butembo na Bunia.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa Himbi aliyenunua forfe ya giga moja ili aweke programu ya kuandikia kazi yake ya mwisho wa masomo. Baada ya nusu saa anaona mega zinayeyuka, na programu haijafika hata nusu. Akikatiza, je, mega zilizokwisha liwa zimepotea? Na mashini yake itabaki salama?

Jibu linategemea jambo moja: kazi imefika wapi anapokatiza.

Kwenye kompyuta za Ubuntu na Debian, programu haziwekwi moja moja kwa mkono. Kuna programu inayosimamia zingine zote, nayo inaitwa apt. Ilitoka rasmi pamoja na Debian 2.1, mwaka 1999. Ukiiomba programu moja, apt inatafuta vipande vyote vinavyohitajika, inavishusha kutoka intaneti, kisha inaviweka mahali pake. Kazi hiyo ina nusu mbili, na kila nusu ina sheria yake.

Nusu ya kwanza ni ya kushusha, ile wengi huita kutelesharje. Inafanana na chukudu inayobeba magunia ya makala kutoka Rutshuru. Mwenye chukudu akisimama njiani, magunia hayarudi yalikotoka. Kesho anaendelea pale alipofikia. Apt nayo ndivyo inavyofanya. Ukibonyeza Ctrl na C pamoja, inasimama. Vipande vilivyokamilika vinabaki kwenye diski, na kile kilichokatwa katikati kinawekwa kwenye folda ya /var/cache/apt/archives/partial. Ukirudia amri ileile, apt inaiambia seva: sehemu hii ninayo tayari, nipe kuanzia hapa. Kwa hiyo mega zako hazikupotea.

Kwenye mashini iliyopangwa kwa Kifaransa, nusu hii inatambulika kwa mistari inayoanza na «Réception de». Na kabla ya hapo, apt huandika «Il est nécessaire de prendre», ikifuatwa na ukubwa. Ukiona namba mbili, kwa mfano 120 Mo/300 Mo, ya kwanza ni kile kinachobaki kushushwa, ya pili ni jumla. Hapo ndipo pa kulinganisha na forfe yako. Kukataa wakati apt inauliza kama uendelee hakugharimu kitu.

Nusu ya pili ni ya kuweka. Mistari inabadilika: «Dépaquetage de», halafu «Paramétrage de». Hapa mambo ni kama kubadilisha manjanja ya nyumba. Ukishatoa ya zamani, huwezi kushuka kwenye ngazi kabla ya kupigilia mapya, maana mvua ikinyesha itakukuta bila paa. Faili za zamani zinaondolewa, mpya zinaingia. Ukikatiza hapo, programu inaweza kubaki nusu ya zamani, nusu mpya. Usibonyeze Ctrl na C, usifunge dirisha, usizime mashini. Nusu hii haili mega, kwa kawaida, kwa hiyo hata forfe ikiisha, acha imalize.

Ndiyo sababu kwenye programu zingine za madirisha kitufe cha kukatiza huzimika ghafla. Wengi hudhani mashini imekwama. Kumbe imetoka nusu ya kwanza, na kitufe kimezimwa ili kukulinda.

Je, umeme ukikatika katikati ya nusu ya pili? Washa mashini, fungua terminali, andika: sudo dpkg --configure -a. Amri hiyo inamalizia vipande vilivyoachwa njiani. Kisha andika: sudo apt -f install, ili irekebishe kinachokosekana. Mara nyingi hiyo inatosha, bila kuweka upya mashini nzima.

Lakini si programu zote zina tabia ya apt. Wanaojifunza lugha ya Python hutumia pip. Faili lililokamilika pip hulihifadhi, lakini ukikatiza faili moja kubwa katikati, linaanzwa upya, na mega zake zimekwenda. Kwa faili la mega mamia, afadhali kulishusha kwanza kwa wget -c, ambayo inajua kuendelea pale ilipofikia, kisha kumpa pip faili hilo.

Kuna pia snap, ambayo ndiyo huleta Firefox kwenye Ubuntu tangu 22.04. Hiyo hutafuta masasisho yenyewe mara 4 kwa siku, na mtu hujikuta mega zimeisha bila kuomba kitu. Kazi inayoendelea utaiona kwa snap changes, na utaikatiza kwa sudo snap abort pamoja na namba yake. Kuizuia kwa siku mbili: sudo snap refresh --hold=48h.

Mambo mawili ya kuangalia bado. Amri ya apt clean inafuta vipande vyote vilivyohifadhiwa. Usiitumie kabla hujamaliza. Tena usikae wiki nyingi kabla ya kuendelea, maana toleo jipya likitoka, vipande vya zamani havitasaidia.

Mwenye mega chache anaweza kugawa kazi makusudi. Amri ya sudo apt install -d, ikifuatwa na jina la programu, inashusha tu, bila kuweka. Ushushe leo usiku, ukatize, uendelee kesho. Vipande vyote vikitimia, subiri siku umeme umetulia au betri imejaa, urudie amri bila -d. Hapo ndipo unapopanda kwenye paa, na manjanja yote yako tayari chini.