Kabla ya Kuhamia Ukara

Familia moja inayohamia kisiwa cha Ukara, ng'ambo ya Ukerewe, imetuuliza ibebe nini. Orodha yao ilianza na kabati na makochi. Kadi ya kliniki ya mtoto haikuwamo kabisa.

Tuliwaomba waanze na maji. Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kufua ziwani, hivyo kuchemsha maji ya kunywa peke yake hakumkingi mtoto anayecheza ufukoni. Wachukue mapipa mawili yenye mifuniko. Maji yasiyo na konokono yakikaa siku mbili, vijidudu hivyo hufa, yanafaa kuogea. Ya kunywa bado yachemshwe.

Neti zenye dawa zipakiwe juu, zitatakiwa usiku wa kwanza.

Lililotutia wasiwasi ni kwamba mama ana mimba ya miezi saba. Kufika hospitali ya wilaya, Nansio, ni kuvuka maji kwanza, kisha barabara; ziwa likichafuka usiku, mtumbwi hauondoki. Tulishauri ajifungulie Nansio kwanza. Baba akasema nyumba imekwisha lipiwa. Basi, makochi yatangulie.