Kuchagua Filta ya Oili kwa Gari la Miaka Mingi

Magari mengi ya binafsi yaliyomo katika barabara za Tanzania yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwingineko, hasa Japani, na huendelea kutumika hapa kwa miaka mingi zaidi. Injini ya gari la namna hiyo huhitaji uangalizi kuliko injini mpya. Hata hivyo, siku ya kubadilisha oili, mwenye gari huulizia sana aina ya oili, na filta huiacha mikononi mwa fundi au muuzaji. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Ubora wa filta umo ndani ya kopo lake, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Kwa hiyo mlaji hana budi kujua anachoweza kukikagua mwenyewe, na kumchagua vema yule anayemuuzia.

Kazi ya filta na sehemu zake

Pampu huvuta oili kutoka bakuli lililo chini ya injini, huisukuma ipite katika filta, kisha oili huenda kulainisha beringi na sehemu nyingine zinazosuguana. Njiani oili hubeba masizi, vumbi na chembe za chuma. Chembe zenye madhara ni ndogo mno. Unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70, yaani sehemu 70 za elfu moja za milimita, ilhali hata chembe ya maikroni 20 yaweza kuiparuza beringi.

Filta nzuri ina sehemu nne zinazopaswa kufanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni karatasi ya kuchujia, iliyokunjwa mikunjo mingi iliyo sawasawa. Karatasi ikiwa haba, hujaa uchafu mapema.

Ya pili ni vali ya mpira inayozuia oili kurudi chini injini inapozimwa. Vali hii ikikakamaa, oili yote hushuka usiku, na asubuhi injini huzunguka kwa muda bila oili ya kutosha. Dalili zake ni mgongano wa chuma gari linapowashwa, na taa ya oili kuchelewa kuzimika. Filta inayofungwa kwa kulala au kwa kupinduka huitegemea zaidi vali hii. Mpira wa silikoni hustahimili joto kwa muda mrefu kuliko mpira wa kawaida, na kwa injini ambayo nafasi za beringi zake zimekwisha kupanuka, tofauti hiyo ina thamani yake.

Ya tatu ni vali ya dharura. Karatasi inapoziba, au oili inapokuwa nzito kwa baridi, vali hii hufunguka ili oili ipite bila kuchujwa, kwa kuwa oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Kuna injini zinazotaka vali hiyo ifunguke kwenye shinikizo la karibu bar 1, na nyingine zaidi ya bar 1.5. Springi yake ikiwa dhaifu, vali hubaki wazi muda mwingi na oili huzunguka na uchafu wake, wala mwenye gari hapati dalili yoyote.

Ya nne ni mpira wa nje unaoziba mahali filta inapokutana na injini. Ukiwa mgumu au una nyufa, oili huvuja.

Ijue injini kabla ya kwenda dukani

Jina la gari peke yake halitoshi. Toyota Corolla ya miaka ya 1990, kwa mfano, yaweza kuwa ilitoka kiwandani na injini ya petroli ya 4E au 5A, au ya dizeli ya 2C. Aidha, magari mengi ya umri huo yamekwisha kubadilishiwa injini. Nunua filta kwa kufuata injini iliyomo sasa, si jina lililoandikwa nyuma ya gari. Andika namba ya injini, au nenda na filta ya zamani pamoja na namba yake, baada ya kuhakikisha kwamba hiyo ya zamani ndiyo iliyokuwa sahihi.

Usikubali filta kwa sababu tu “inaingia”. Filta ndogo za Toyota hutumia hesi za inchi 3/4, yaani milimita 19.05, za Nissan na Honda nyingi hutumia hesi za milimita 20. Kwa macho hazitofautiani. Filta ya milimita 20 yaweza kujishika kwenye hesi za inchi 3/4 ikiwa imelegea, kisha ikachomoka shinikizo la oili linapopanda. Oili yote humwagika kwa muda mfupi, na injini isipozimwa papo hapo, huharibika.

Ukaguzi unaoweza kufanya dukani

Omba filta itolewe ndani ya boksi, kisha tazama mambo yafuatayo:

1. Namba iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye kopo iwe moja. Maandishi yawe safi, bila makosa ya tahajia wala rangi inayofutika kwa kidole.
2. Hesi ziwe zimekatwa vizuri, bila mabaki ya chuma. Chembe itakayobaki hapo huingia moja kwa moja katika injini.
3. Mpira wa nje uwe laini, umekaa sawasawa katika mfereji wake, na hauna nyufa. Filta iliyokaa miaka mingi rafuni huweza kukakamaa mpira hata kama haijawahi kutumika.
4. Chungulia katika matundu madogo yanayozunguka tundu la kati. Uone mpira wa vali umeyafunika kwa ndani, nao urudi mahali pake ukisukumwa kidogo kwa kitu safi kisicho na ncha.
5. Kopo lisiwe na mbonyeo, kutu wala alama za kuwahi kufungwa.

Kupima maneno ya muuzaji

Muuzaji akisema filta inanasa “asilimia 99 ya uchafu”, uliza: uchafu wa ukubwa gani? Asilimia 99 ya chembe za maikroni 40 si sawa na asilimia 99 ya chembe za maikroni 20. Watengenezaji makini hutaja ukubwa huo pamoja na kiwango cha upimaji kilichotumika, kama vile ISO 4548-12.

Si lazima filta iwe na chapa ya mtengenezaji wa gari. Kampuni nyingine pia hutengeneza filta bora. Lakini bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine, kwa chapa ile ile, ni sababu ya kusita. Tofauti ya bei kati ya filta nzuri na mbovu ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kufungua injini.

Wakati wa kufunga

Badilisha filta kila unapobadilisha oili. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini, kwa kuwa mipira miwili ikikutana oili huvuja kwa nguvu. Mpira mpya upakwe oili safi, na filta ikazwe kwa mkono, kwa kawaida robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa, isipokuwa kama maelezo ya mtengenezaji yanasema vingine. Washa injini, kisha kagua uvujaji.

Filta iliyotolewa itobolewe na boksi lake lichanwe, ili visitumike tena kuuzia bidhaa bandia.

Haki yako

Nunua katika duka lenye anwani inayojulikana na udai risiti ya EFD inayotaja bidhaa uliyonunua. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha dai lako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa inakataza biashara ya bidhaa bandia. Ukishuku kuwa umeuziwa filta bandia, usiitupe. Ihifadhi pamoja na boksi na risiti, mrudie muuzaji, na asipokusikiliza toa taarifa kwa Tume ya Ushindani. Malalamiko yanayohusu viwango vya ubora yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania. Taarifa yako huweza kumwokoa mwenye gari mwingine ambaye bado hajafika katika duka hilo.