Paka wa Rangi Tatu ni Jike

Anayetafuta mtoto wa paka Kibera au Kawangware kwa kawaida anataka dume. Kazi ni panya tu, na jike huleta mzigo wa watoto. Lakini paka mchanga hata ukimwinua mkia ni rahisi kukosea. Afadhali utazame manyoya.

Paka ana kromosomu 38, yaani jozi 19. Jozi moja ndiyo ya jinsia: jike ana X mbili, dume ana X na Y. Jeni ya rangi ya chungwa imo kwenye X. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, na kundi jingine la Stanford, Marekani, walichapisha chanzo chake: kipande cha DNA chenye herufi 5,000 hivi kimekosekana kwenye eneo la jeni iitwayo ARHGAP36.

Dume, kwa kuwa ana X moja, ama ni wa chungwa ama si wa chungwa. Jike anaweza kubeba X ya chungwa na nyingine ya weusi. Angali tumboni, kila seli yake huzima X moja kwa bahati nasibu, na seli zote zinazotokana nayo hubaki hivyo hivyo. Ndipo yanapotokea mabaka ya chungwa na meusi. Mary Lyon wa Uingereza alieleza kuzimwa huku mwaka 1961, akitazama manyoya ya panya! Desemba 2001 wanasayansi wa Texas walimzalisha CC, nakala ya paka wa rangi tatu, naye akatoka bila hata unywele wa chungwa, kwani seli aliyotokana nayo ilikuwa imeizima X ya chungwa.

Weupe una jeni yake nje ya kromosomu za jinsia, kwa hiyo paka mweusi mwenye kifua cheupe hakuambii lolote. Weupe ukiungana na chungwa na nyeusi, huyo karibu kila mara ni jike. Dume wa namna hiyo mara nyingi huwa na XXY, ni nadra sana, na kwa kawaida hazai. Akiuzwa ghali eti ni wa mbegu, usinunue.

Hapa mtaani dume wa chungwa hulaumiwa kwa kila mtoto wa rangi yake. Si haki. Mwana wa kiume hupata X kwa mama pekee; baba humpa Y. Mabinti ndio wanaomfichua, kwani kila binti hurithi X yake. Na uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, kwa hiyo kesi ya ndugu mmoja haimhukumu mwingine.

Ukipewa wa rangi tatu, mchukue, atakamata panya vilevile. Ila anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na mimba ni wiki tisa. Mpeleke mapema kwa daktari wa mifugo afungwe uzazi.